Upigaji punje kwenye aloi za titani: dalili, vyanzo, na pa kuanzia kutafuta

Kipande cha titani kilichopigwa punje kikileta shida, mkono wa fundi huenda kwanza kwenye presha ya hewa inayorusha punje. Anaipandisha. Kwenye chuma cha springi hilo mara nyingi hupita salama. Kwenye titani ndiyo mwanzo wa tatizo la pili. Aloi hizi haziongezeki ugumu sana kwa kupigwa zikiwa baridi, haziwezi kuvumilia mchubuko wenye ncha, na hupitisha joto kwa shida. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi chanzo, na usishangae mara nyingi jibu likiwa kupunguza.

Kwanza ujue kipande kisicho na tatizo kinafananaje. Shotipiningi, yaani kuupiga uso kwa maelfu ya punje ndogo za duara, huukanda na kuutanua uso huo. Metali iliyo chini yake haijatanuka, kwa hiyo inaubana uso usitanuke. Kwa Ti-6Al-4V, aloi inayotumika kuliko zote, mgandamizo unaobaki karibu na uso huwa takriban megapaskali 600 hadi 800, na kilele chake hakiko juu kabisa. Kiko mikroni chache hadi makumi kadhaa chini. Tabaka lote la mgandamizo huwa na kina cha milimita 0.1 hadi 0.25 hivi, kutegemea ukali wa upigaji. Ugumu hupanda kidogo tu, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, kwa hiyo anayetafuta uso mgumu wa kuzuia ulikaji amebisha mlango usio wake. Ukakasi wa uso huongezeka: sehemu iliyochongwa vizuri ikiwa na Ra (wastani wa vilima na mabonde ya uso) ya mikroni 0.4 inaweza kutoka ikiwa na 1 au zaidi.

Na chini ya tabaka hilo lazima kuwe na mkazo wa kuvuta, kwa sababu nguvu zote za ndani ya kipande kilichotulia hujumlishwa kuwa sifuri. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yanayofuata utayaelewa kabla hujayasoma.

Kipande kilichopigwa kinachoka mapema kuliko kisichopigwa

Hii ndiyo dalili inayochanganya watu kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi.

Vipande vilivyovunjika ndivyo ushahidi. Usivirudishie pamoja kuona kama vinaingiana. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mara nyuso zinasuguana na kufuta alama uliyokuwa ukiihitaji. Weka uso wa mvunjiko chini ya taa ya pembeni, tumia lenzi ya kukuza mara 10, kisha darubini ya elektroni kama ipo. Alama za uchovu wa metali (kuvunjika kwa mzigo unaorudiarudia) zinatawanyika kutoka sehemu moja. Zifuate kurudi nyuma mpaka uipate, kisha pima umbali wake kutoka kwenye uso. Umbali huo ndio unaoamua uelekee wapi.

Kama ufa umeanzia usoni kabisa, shuku upigaji uliopita kiasi. Punje zikigonga mahali palepale tena na tena, metali husukumwa pembeni ya kila shimo, na shimo linalofuata huilaza. Kata kipande kwa upana wake, kipolishi, kioshe kwa asidi ya kuonyesha chembe, na ukitazame kwa ukuzaji wa mara 200. Utaona kilimi chembamba cha metali kimelala juu ya uso, na chini yake mstari mweusi. Mstari huo ni ufa uliokwisha zaliwa. Mzigo hauna haja ya kuuanzisha, unauendeleza tu. Mgandamizo ulio karibu nao unaweza kuuchelewesha, ila si kwa muda ulioahidiwa. Punguza ukali, punguza muda, na kagua kama kuna punje zilizovunjika. Binafsi sijaona faida ya kupita ueneaji wa mara mbili (ueneaji ni uso wote kufunikwa na alama za punje) kwenye Ti-6Al-4V bila majaribio yanayoonyesha faida hiyo. Watu huongeza muda "kwa usalama," na usalama huo ndio unaotengeneza vilimi.

Kama ufa umeanzia ndani, tuseme milimita 0.2 hadi 0.4 kutoka usoni, usikimbilie kulaumu upigaji. Hapo upigaji umefanya kazi yake: umeufukuza ufa kutoka usoni, nao umehamia kule ambako mkazo wa kuvuta unasawazisha. Kwa kawaida kipande cha aina hii huishi muda mrefu zaidi. Kama hakikuishi, jiulize mzigo wake ni wa namna gani. Kwenye mzigo wa kukunja, mkazo hupungua kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo eneo la kuvuta linapata nafuu. Kwenye mzigo wa kuvuta moja kwa moja, ndani kunapata mzigo uleule wa nje na juu yake mkazo wa kusawazisha. Kipande chembamba kinaumia zaidi, kwa kuwa eneo dogo la ndani linabeba usawazishaji wa pande zote mbili. Tiba ni kupunguza ukali ili tabaka liwe jembamba, au kupiga sehemu zenye hatari peke yake.

Halafu kuna aina ya aloi. Mapishi yaliyofaulu kwenye Ti-6Al-4V hayahamishiki hivihivi kwenda kwenye aloi za beta (zenye mpangilio tofauti wa fuwele) kama Ti-10V-2Fe-3Al. Kwenye kundi hilo faida ya uchovu inaweza kuwa ndogo, na katika hali fulani za matibabu ya joto upigaji umeonekana kupunguza maisha kwenye mizunguko mingi. Fanya majaribio kwa vipande vya aloi ileile, joto lilelile, uchongaji uleule.

Mwisho, angalia idadi ya mizunguko. Mzigo mkubwa unaoikunja metali kidogo kila mzunguko unaulegeza mgandamizo mapema kabisa. Kipande cha kazi hiyo kikivunjika baada ya mizunguko elfu chache, kuongeza presha ya upigaji hakutabadilisha kitu.

Kibamba cha Almen kinasoma sawa, lakini vipimo vya eksirei ni hafifu

Kibamba cha Almen ni chuma cha springi cha SAE 1070, chenye ugumu wa 44 hadi 50 HRC (kipimo cha Rockwell C), urefu wa milimita 76 na upana wa 19. Kimepewa jina la John Almen, mhandisi wa General Motors aliyekibuni miaka ya 1940. Kazi yake ni kupima nguvu ya mkondo wa punje: kikipigwa upande mmoja hupinda, na kimo cha upinde ndicho kipimo. Hakijui chochote kuhusu kipande chako: hakijui kama kilipata joto, kama nozeli ilifika kwenye kona, wala kama aloi ni laini au ngumu. Kwa hiyo vipimo viwili vikipingana, kibamba kinaweza kuwa sahihi na kipande kikawa kibovu.

Anza na joto. Kwa titani iliyopigwa punje, kikomo kinachotumika sana katika mipango ya viwandani ni takriban nyuzi 315 za Selsiasi. Juu ya hapo mgandamizo huanza kulegea, na kadiri uso ulivyokandwa sana ndivyo unavyolegea haraka. Uliza kipande kilipita wapi baada ya kupigwa: kukausha rangi, kupaka tabaka kwa plazma, kurekebishwa kwa weldingi karibu na hapo. Kuondoa mikazo kwa tanuri hufanyika kwa Ti-6Al-4V kati ya nyuzi 480 na 650, na kipande kilichoingia humo baada ya upigaji kimepoteza kilichofanyiwa. Mpangilio sahihi ni tanuri kwanza, punje baadaye. Kipande kitakachofanya kazi kwenye joto la juu kinafaa kupigwa kwa leza, ambayo huingiza mgandamizo kwa kina cha hadi milimita 1 na zaidi bila kuukanda uso sana.

Kama joto halihusiki, angalia jinsi ulivyopima. Eksirei ya kawaida huingia mikroni chache tu kwenye titani, na kilele cha mgandamizo kiko chini zaidi. Ondoa metali kidogo kidogo kwa umeme, bila msasa, na upime kwenye mikroni 25, 50, 100 na 150. Mkondo wa vipimo ukishuka na kupanda kama inavyotarajiwa, namba ya usoni iliyokutisha haikuwa tatizo. Chembe kubwa au zilizoelekea upande mmoja, ambazo hupatikana kwenye fojingi nzito za titani, huharibu usomaji. Zungusha kipande na upime pande kadhaa. Njia ya kutoboa tundu dogo nayo huzidisha namba pale mkazo unapokaribia kikomo ambacho metali huanza kupinda isirudi, na kwenye uso uliopigwa punje ndivyo ulivyo.

Namba ya usoni ikionyesha mkazo wa kuvuta, sahau nozeli. Kuna mtu amepitisha gurudumu la kusaga au la kupolishi kwa nguvu baada ya upigaji. Titani haipeleki joto mbali, linabaki palepale chini ya gurudumu.

Usomaji wa kibamba unarukaruka

Hapa kasoro nyingi ni za kawaida na hupatikana kwa kwenda hatua kwa hatua. Kishikio cha kibamba kimejaa uchafu au hakijanyooka. Geji haijarudishwa sifuri. Kibamba kimetumika mara ya pili, au aina si yenyewe: A ina unene wa milimita 1.29 hivi, N ni 0.79 na C ni 2.38, na kibamba cha C husoma takriban theluthi moja ya A kwa mkondo uleule. Nozeli imelika na kupanuka, hewa ina unyevunyevu na punje zinashikana, bomba la mpira lina kona kali. Kama nozeli imeinama chini ya nyuzi 45 kutoka kwenye uso, nguvu inapotea hata presha isipobadilika.

Chora mchoro wa shibe upya kabla ya kuamini namba yoyote. Shibe ni muda wa kwanza ambao ukiuzidisha mara mbili, kimo cha upinde hakiongezeki kwa zaidi ya asilimia 10. Nukta moja haichori mchoro. Weka angalau nne.

Kosa la kudumu ni kutumia muda wa shibe wa kibamba kama muda wa kupiga titani. Ti-6Al-4V iliyolegezwa huwa karibu 36 HRC, laini kuliko kibamba, kwa hiyo kila punje huacha alama kubwa zaidi na uso hujaa mapema. Ueneaji upime kwenye kipande chenyewe kwa lenzi. Asilimia 98 ndiyo inayohesabiwa kuwa imejaa, kwa kuwa juu ya hapo jicho halipambanui tena.

Uso una ukakasi mno

Watu wengi hudhani punje ndogo huacha uso laini. Kwa ukali uleule wa Almen, ni kinyume: punje ndogo lazima irushwe kwa kasi kubwa zaidi, na alama yake inakuwa yenye kina na nyembamba. Punje kubwa yenye kasi ndogo huacha bonde pana na tulivu. Ukiwa na nafasi kwenye kona za kipande, panda saizi ya punje na ushushe presha. Kikomo ni kona yenyewe: punje isiyoingia kwenye radiasi ya chini ya mfereji haiupigi mfereji huo.

Kabla ya yote hayo, chukua kijiko cha punje kutoka kwenye mashine, zimwage kwenye karatasi nyeupe na uzitazame kwa lenzi. Punje nzuri hubingirika. Zinazobaki zimesimama palepale ni vipande vyenye ncha, na kila kimoja kinaukata uso badala ya kuupiga. Kioo huvunjika upesi kuliko vyote, kauri ya zirkonia hudumu zaidi, na chuma kilichokuwa kizuri jana kinaweza kuwa kibovu leo kama kichujio cha mzunguko kimeziba.

Ukitaka kulainisha baadaye, mashine ya kutikisa yenye mawe madogo inafaa, mradi usiondoe zaidi ya sehemu ya kumi ya kina cha tabaka. Kwa tabaka la milimita 0.2 hiyo ni mikroni 20 tu.

Vipande vilivyochapishwa kwa leza kutoka kwenye unga ni hadithi yake. Chembe za unga zilizoshika nusu usoni hukandikwa na kufunikwa, na unapata vilimi kabla hata ya kuzidisha muda. Ondoa ngozi ile kwanza. Vitundu vya ndani havitazibwa na punje.

Madoa ya kahawia baada ya siku chache

Titani haishiki kutu. Kinachoshika ni chuma kilichobaki usoni kutoka kwenye punje. Madoa yanaudhi tu, lakini chuma hicho kwenye mazingira yenye unyevu na chumvi huweza kuanzisha ulaji wa mahali pamoja na kufungua njia ya hidrojeni kuingia kwenye titani, na hidrojeni ndani ya titani huifanya iwe dhaifu na ya kuvunjika. Usingoje doa. Tone la myeyusho wa ferisianaidi ya potasiamu uliotiwa asidi ya naitriki hugeuka buluu penye chuma huru. Osha vizuri baada ya kipimo.

Njia salama kuliko zote ni kutumia kauri au kioo tangu mwanzo, kwenye mashine ambayo haijawahi kuona chuma. Kama lazima utumie chuma kwa ajili ya ukali, malizia kwa awamu nyepesi ya kioo, au ogesha kwenye asidi ya naitriki. Asidi ya hidrofloriki ikiongezwa, inakula titani yenyewe: weka naitriki takriban mara 10 ya hidrofloriki ili kuzuia hidrojeni isiingie, pima mikroni zilizoondoka, na baadaye upime hidrojeni kwenye kipande. Kikomo kinachotumika sana kwa Ti-6Al-4V ni sehemu 150 kwa milioni. Nimeona bafu likiachwa "dakika chache zaidi" likaondoka na theluthi ya tabaka lililokuwa limegharimiwa siku nzima.

Kingo zimeota midomo

Pitisha ukucha kwenye ukingo kutoka upande wa bapa kwenda nje. Ukikwama, metali imekunjwa juu ya ukingo. Chanzo ni ukingo mkali uliopigwa moja kwa moja, au ukali wa bapa uliotumika hadi mwisho wa kipande. Zungushia kingo radiasi kabla ya upigaji, elekeza mkondo usigonge ncha ana kwa ana, na funika matundu yaliyokwisha chongwa. Kuusaga mdomo baada ya kuota ni kuondoa mgandamizo mahali ambapo mzigo ni mkubwa kuliko popote.

Kipande kimepinda

Umepiga upande mmoja, au pande mbili kwa zamu na wa pili haukuweza kuurudisha wa kwanza. Piga pande zote mbili kwa pamoja na kwa ukali mdogo. Usikinyooshe kwa nyundo wala kwa presi: kunyoosha kunabadilisha mikazo yote uliyoiweka.

Nyufa ndogo zinaonekana baada ya upigaji, au hazionekani zinapopaswa

Kama nyufa zimetapakaa kama matope yaliyokauka, tafuta ngozi ya oksijeni. Titani ikipashwa hewani kwa joto la juu hunyonya oksijeni na kutengeneza tabaka gumu lisilo na unyumbufu. Punje hazilikandi, zinalipasua, na kila mpasuko unaelekea kwenye metali nzuri. Kata kipande na utafute mkanda mweupe ukingoni chini ya darubini, au pima ugumu kwa Vickers kutoka usoni kwenda ndani: namba ikianzia juu sana na kushuka ghafla, umeipata. Iondoe kwa uchongaji au kemikali, kisha upige.

Upande wa pili ni hatari zaidi. Upigaji hukandikia midomo ya nyufa zilizokuwepo, na kimiminika cha kupenya cha ukaguzi hakiingii tena. Kagua kwa kimiminika kabla ya punje. Ukikagua baadaye tu, umejifunga kitambaa machoni.

Ukaguzi wa uso nao hauoni kilicho chini. Tarehe 19 Julai 1989, diski ya feni ya titani kwenye injini ya DC-10 ya safari namba 232 ya United Airlines ilipasuka angani, na ndege ikaanguka Sioux City, Iowa, Marekani; watu zaidi ya 110 walifariki. Uchunguzi ulirudi hadi kwenye kasoro ngumu yenye nitrojeni iliyobaki ndani ya metali tangu kuyeyushwa, na kitundu kidogo kilichofunguka hapo, pengine wakati wa uchongaji wa mwisho au wa upigaji punje. Shotipiningi haiponyi kasoro ya kuyeyusha. Kwa sehemu zinazozunguka, ultrasoniki kwenye malighafi haina mbadala.

Mizizi ya blade (shina linaloshikiliwa na diski) inalika mahali pa kugusana

Nyuso mbili za titani zinazotetema zikigusana hushikana na kuchanika. Mgandamizo unazuia nyufa changa zisikue, hauzuii kulika kwenyewe. Kwa hiyo ukiona unga mweusi na mashimo madogo kwenye mzizi, upigaji haujashindwa. Umepewa kazi ya pili isiyo yake. Ongeza mipako ya shaba, nikeli na indiamu kwenye uso wa kugusana, na mafuta makavu ya molibdenamu juu yake. Upigaji unatangulia, mipako inafuata, na mpulizaji wa plazma aelezwe kikomo cha joto kilichotajwa hapo juu.

Cheche au moshi kwenye mfuko wa vumbi

Simamisha mashine. Vumbi laini la titani huwaka, na likichanganyika na kutu ya chuma huweza kuwaka kwa joto kali sana. Usimwage maji wala usifungue mlango kuona. Tumia kizimamoto cha daraja D (cha moto wa metali) au mchanga mkavu, na kabla ya kuwasha tena tenganisha mfumo wa vumbi wa titani na ule wa chuma, usafishe mabomba yote, na uangalie waya za kupeleka umeme tuli ardhini kwa kipimo, siyo kwa macho.